Mama Tarakimu, Aliyekataa Namba Kwenye Jina

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii, Mama Tarakimu wa Kitengo cha Kompyuta na Kumbukumbu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Tarehe hiyo tumeiandika kwa maneno kwa makusudi. Tunamjua. Akiingia tu ukumbini atachukua nakala ya kijitabu hiki, na akikuta tarakimu mahali ambapo maneno yangetosha, atatoa kalamu nyekundu mkobani kabla hata hajakaa.

Jina lake halisi lipo, na watu wa mishahara wanalifahamu. Sisi wengine tumemwita Mama Tarakimu kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo wanaodhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Asiyemjua kwa sura anamjua kwa sentensi moja nyekundu inayotokea kwenye skrini: "Jina la mtu halina tarakimu. Rudia." Hakuna mfanyakazi wa hospitali hii ambaye hajaambiwa rudia. Hata Mganga Mkuu aliambiwa, asubuhi moja alipoamua kusajili mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, akapiga simu chumbani kwetu Kitengoni akitaka kujua ni mashine gani hiyo isiyo na adabu. Mama Tarakimu alimjibu kwa heshima zote kwamba mashine haina kosa, asiye na adabu ni yeye aliyeiandikia maneno hayo, na je, Mganga Mkuu ameshajaribu kurudia?

Alianza kazi akiwa karani wa masjala, enzi za mafaili ya kadibodi yaliyofungwa kwa kamba. Wakongwe wanasimulia kwamba umeme ukikatika yeye aliendelea kutoa mafaili kwenye rafu kwa kupapasa, na hakuwahi kutoa la mtu mwingine. Kompyuta zilipoletwa, maboksi yalikaa stoo muda mrefu, kila mkubwa akimtegea mwenzake ayafungue. Yeye aliuliza swichi iko wapi. Kwa swali hilo akapelekwa mafunzoni, akarudi akiijua lugha ya programu kama aliyenyonya nayo, na akiwa na tabia mpya ya kutaka kila jambo lijibiwe ndiyo au hapana. Umbea ukawa mgumu sana chumbani kwetu. Unamnong'oneza kwamba inasemekana fulani wa famasi anakaribia kuchumbiwa, yeye anakukatiza: amechumbiwa, ndiyo au hapana?

Sasa tuje kwenye lile lango lake la kompyuta linalokataa tarakimu, maana bila lango hakuna Mama Tarakimu. Zamani wasajili wetu waliandika kila kitu kwenye kisanduku cha jina. Waliandika namba ya kitanda, umri, namba ya simu ya jirani, hata namba ya chumba cha daktari. Hawakuwa wavivu. Skrini ilikuwa na visanduku vichache, na kisanduku cha jina ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote, kwa hiyo mambo yote yakahamia humo kama wapangaji. Matokeo yake tulikuwa na wagonjwa wanaoitwa Bibi na tarakimu za kitanda, au Baba wa Pikipiki na simu nzima ya shemeji yake.

Ndipo akaja yule mzee wa kitanda cha tisa. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, basi. Akasajiliwa Mzee, kisha tarakimu ya tisa. Kwa bahati mbaya, mzee aliyelala kitanda hicho kabla yake naye alisajiliwa vivyo hivyo, na alikuwa amepasuliwa tumbo. Mgonjwa wetu wa mkono akanyweshwa uji mwepesi, asubuhi, mchana na jioni, akavumilia akidhani labda ndivyo mifupa inavyoungwa siku hizi. Alipouliza kwa upole ni lini ataruhusiwa kutafuna, wodi nzima ilicheka, na mwenyewe akacheka, akaletewa sahani iliyojaa. Mama Tarakimu hakucheka. Alisema kama uji umepotea njia, ipo siku dawa nayo itapotea. Kuanzia hapo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kila mtu awe na jina lake, na kila jina liwe na faili lake, hata ikibidi achukiwe na jengo zima.

Kwa wasioijua kazi yetu, kompyuta haijui jina ni nini. Kwake, jina la bibi yako na namba ya gari vyote ni alama zilizopangwa mstari, na usipoiambia ipi ni herufi na ipi ni tarakimu itavipokea vyote kwa uso uleule. Mama Tarakimu akaandika lango lake la kwanza, akalijaribu mbele yetu kwa kuandika tarakimu tupu, likakataa. Tukapiga makofi. Mhasibu akaleta keki. Kabla keki haijaisha, kutoka Mapokezi akaingia Bibi mwingine na kitanda chake, amepita langoni kwa raha zake, na nyuma yake kundi zima.

Kosa lilikuwa hili. Lugha ile ina kifaa kilichotengenezwa tayari cha kuuliza kama maandishi ni tarakimu, na yeye alikichukua bila kusoma masharti. Kifaa kile kiliuliza kama alama zote ni tarakimu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Bibi alikuwa na herufi nne za kumkinga, kwa hiyo jibu likawa hapana, apite. Ni sawa na mtu anayechagua mchele akauliza kama gunia zima ni mawe, wakati alitakiwa kuuliza kama kuna jiwe hata moja. Mama Tarakimu alimalizia keki yake akiwa amesimama, akarudi kwenye kiti. Lango jipya lilikagua alama moja moja kuanzia kushoto. Likikutana na tarakimu ya kwanza linasimama hapohapo na kukataa, halina haja ya kuona zilizobaki. Likifika mwisho salama ndipo linaruhusu. Mume wake anasema hivyo ndivyo anavyochagua mchele nyumbani pia, na ndiyo maana kwao chakula cha mchana huliwa jioni.

Mapokezi hawakukubali kushindwa kirahisi. Mkuu wao tunamwita Bwana Mhuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kupita mezani kwake ikatoka bila kugongwa. Siku ya pili ya lango jipya, Bwana Mhuri alisajili mgonjwa kwa jina la Bibi Kumi na Nne, yote kwa herufi. Alipopigiwa simu alijibu kwamba aliambiwa tarakimu haziruhusiwi, naye hajaandika tarakimu hata moja, mama akahesabu mwenyewe. Wiki iliyofuata akavumbua mengine. Kila sufuri aliiandika kwa herufi O, kila moja kwa herufi ndogo ya L, na zilizobaki akazitamka kwa maneno, mpaka jina la mgonjwa mmoja likawa refu kuliko foleni aliyokuwa amepanga.

Mama Tarakimu alilipiza kisasi kwa utulivu. Aliongeza mistari michache kwenye programu, ili kompyuta ya Bwana Mhuri, na yake peke yake, ikikataliwa mara tatu mfululizo iwike kama jogoo. Foleni ya Mapokezi haijawahi kuwa na furaha kama wakati ule. Watoto waliacha kulia wakawa wanamwomba babu amwikishe jogoo tena. Bwana Mhuri alivumilia kwa muda, kisha akapanda ngazi hadi chumbani kwetu, kofia mkononi, akasema yeye hana ugomvi na mtu, anachohitaji ni mahali pa kuandika simu ya ndugu wa mgonjwa na mahali pa kuandika kitanda. Akaulizwa kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba amekuwa akisema mwaka mzima, sisi ndio tulikuwa tukimrudishia. Visanduku viwili vikaongezwa kabla ya wikiendi, na jogoo akanyamaza.

Haya yote yasikufanye udhani ni mtu wa kukunja uso. Siku moja daktari mgeni aliyekuja kufundisha upasuaji alisajili mgonjwa kwa kompyuta aliyokuja nayo, ambayo iliandika tarakimu kwa maandishi ya Kiarabu. Lango lilizijua zile kumi za kwenye kibodi zetu tu, kwa hiyo zile za mgeni zikapita zimenyoosha shingo. Tulijikunyata tukingoja radi. Mama Tarakimu aliinama karibu na skrini, akatabasamu kama aliyeletewa zawadi, akasema, "Huyu kanipata!" Aliwaita majirani wa chumba cha pili waje waone. Kesho yake lango lilikuwa limejifunza tarakimu za watu wengi ambao hawajawahi kuugulia hapa.

Kuna na lile la waume wawili, ambalo kwa heshima ya familia tunalieleza leo ili lizikwe. Mume wake ni fundi saa na ana laini mbili za simu, ya nyumbani na ya kazini. Mwenye akili ya kawaida angeihifadhi ya kwanza kwa jina la Mume, na ya pili angeiongezea tarakimu. Mama Tarakimu hawezi kuandika tarakimu kwenye jina hata akitishiwa. Hivyo, kikao kikiwa kimetulia, simu yake ikiwa juu ya meza mbele ya wakuu wa idara wote, ikaanza kutetemeka na skrini ikaandika kwamba Mume wa Pili anapiga. Akaipokea, akasema, "Ndiyo mpenzi, mwambie na mwenzio nitachelewa," akimaanisha mwanafunzi wa ufundi anayekaa kwao. Hospitali nzima ilikaa na habari hiyo kwa miezi. Wapo waliomhurumia fundi saa kiasi cha kumpelekea saa nzima zisizo na ubovu, ili tu apate faraja.

Sasa naomba mniruhusu nipunguze utani kidogo, kwa sababu siwezi kuandika juu ya mama huyu nikairuka asubuhi moja ya miaka tisa iliyopita.

Alikuwa na desturi yake. Hufika wasafishaji wakiwa bado kwenye ngazi, huvua viatu, huvaa malapa yake ya buluu, humimina chai, kisha hutusomea kwa sauti ya mtangazaji wa habari majina yote yaliyokataliwa na lango tangu jana. Ilikuwa ndiyo starehe yetu. Asubuhi hiyo alifika kwenye wodi ya wazazi. Watoto wachanga husajiliwa kabla hawajapewa majina, na mapacha waliandikwa Pacha, jina la mama yao, kisha tarakimu ya moja au ya mbili. Mkunga Mkuu alikuwa ameandika Pacha na moja, akakataliwa. Akajaribu tena, akakataliwa. Akaandika Pacha na mbili, akakataliwa. Tulicheka, maana Mkunga Mkuu ni mbishi na hapendi kompyuta. Mama Tarakimu aliacha kucheka kabla yetu. "Wako wapi?" akauliza, akiiuliza skrini.

Aliyekuwemo ndani alikuwa mmoja. Watoto wawili walibisha hodi, akaingia mmoja.

Ilikuwa hivi. Mkunga Mkuu, mikono imejaa na wodi imejaa, aliondoa tarakimu zilizokuwa zinamletea shida, akawaandika wote wawili Pacha tu. Mapokezi walipokuwa na shida walipiga kelele, wakapata visanduku. Wodi ya wazazi haikupiga kelele, na sisi tulidhani ukimya ule ni amani. Kumbe kulikuwa na sheria nyingine kwenye programu, nayo ni ya Mama Tarakimu vilevile, kwamba jina likiwa lilelile, mama yuleyule na tarehe ya kuzaliwa ileile, basi huyo ni mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili kwa bahati mbaya, waunganishwe. Kompyuta ikawaunganisha mabinti wawili wakawa mtoto mmoja. Majibu yao ya damu yalipotoka maabara yakaingia faili moja. La mmoja lilikuwa baya, la mwenzake lilikuwa safi, na lile safi lilifika mwisho likalifunika baya. Daktari akaona jibu safi. Familia ikaambiwa iende nyumbani salama.

Jibu lililofunikwa, ambalo Mama Tarakimu alilichimbua likiwa na alama ya maabara ya aliyezaliwa wa pili, lilisema kwamba binti huyo ana manjano ya watoto wachanga, na yamepanda mpaka kiwango cha kuwekwa chini ya taa za buluu siku hiyohiyo. Manjano yale yakiachwa yaendelee kupanda, huingia kwenye ubongo, na mara nyingi kinachopotea kwanza ni masikio. Mtoto anakua asisikie jina lake likiitwa, na hakuna wa kumrudishia. Hayo alitueleza baadaye. Wakati ule alipiga simu wodini, simu ikaita bila kupokelewa, akainuka na malapa yake akakimbia.

Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nilimfuata, na nakiri kwamba aliniacha. Kwenye ngazi lapa moja likabaki, hakugeuka. Bwana Mhuri alipomwona anapita Mapokezi kwa mguu mmoja mtupu, akiita mapacha wazuiwe, hakuuliza kitu, mtu ambaye angeuliza kitambulisho hata cha mama yake mzazi. Aliacha foleni, akafungua mlango wa pembeni na kumpigia kelele mlinzi afunge geti. Geti halikufungika. Lori la mitungi ya oksijeni lilikuwa linarudi nyuma katikati yake, na mbele ya lori ilikuwepo teksi iliyokwishatoka nje na mapacha, indiketa inawaka, inasubiri nafasi ya kuingia barabarani. Mama Tarakimu akapita ubavuni mwa lori, akaipiga teksi buti kwa viganja vyote viwili.

Aliyeshuka kwanza ni nyanya wa watoto, mama wa watu, na kikapu chenye chupa ya chai. Alikuwa anaona mwanamke asiyemjua, nywele zimetimka, lapa moja, anagonga gari lenye wajukuu wake. Akamtandika kwa kikapu begani. "We mama una wazimu?" Akamwongeza la pili. Mama Tarakimu hakujikinga. Alipitisha kichwa dirishani, akihema, akamwuliza mzazi ni yupi aliyezaliwa wa pili. Mzazi akamwonyesha yule aliyelala, mtulivu, ambaye tangu jana nyanya yake alikuwa akimsifu kwamba huyu hana fujo kama mwenzake. Mama Tarakimu akafunua shuka kidogo. Hata mimi niliyefika nikiwa sina pumzi niliona rangi ya ngozi yake.

Kabla ya saa ya chakula cha mchana mtoto alikuwa chini ya taa. Nyanya alimtafuta Mama Tarakimu wodi hadi wodi, akamkuta, akamwomba radhi, akamimina chai ileile iliyokuwa kwenye kikapu alichompigia. Walikunywa wote wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido, mmoja bega linamuuma. Siku zile zote mtoto alipokuwa chini ya taa, Mama Tarakimu alikuwa anashuka wodi ya wazazi kukagua waya wa mtandao. Waya ule haujawahi kukaguliwa namna hiyo kabla wala baada. Manjano yaliposhuka, Mkunga Mkuu alimkuta ameinama chini ya meza, akamgusa mgongoni na kumwambia, "Mama, waya wako umepona, amka."

Kwenye kikao cha kuchunguza jambo lile, wakubwa walikuja na jibu lao mfukoni: Mkunga Mkuu alisajili vibaya. Mkunga alikuwa amekaa mwisho wa meza, ameinamisha kichwa. Ingekuwa rahisi mno kwa mstaafu wetu kunyamaza. Alisimama. Alisema lango ni la kwake na sheria iliyounganisha watoto ni ya kwake, tena alilitetea lango hilo kwa miaka kama aliyelizaa. "Nilimwambia rudia," alisema, "sikumwambia aende wapi." Kisha akasema jambo ambalo sisi wa chumbani hatukutegemea kulisikia kutoka kwake, kwamba amekosa, na akaomba radhi kwa Mkunga mbele ya wote. Nilikuwepo. Nilijivunia kukaa meza moja na mtu huyu, na ninajivunia mpaka leo.

Lango hakuliondoa. Wapo waliodhani ataliondoa, ikiwa ni pamoja na Bwana Mhuri, aliyekwishaanza kunoa vidole. Jina la mtu bado halina tarakimu. Ila chini yake kikaongezwa kisanduku cha mpangilio wa kuzaliwa, ambamo tarakimu inakaribishwa kwa mikono miwili, na programu ikakatazwa kuunganisha watu kwa akili yake yenyewe mpaka binadamu awatazame na kukubali. Ile sentensi nyekundu nayo ikarefushwa. Siku hizi inamweleza mtu aandike wapi kile alichotaka kuandika, na mwisho inasema kwamba akikwama apige simu, atafuatwa. Walipiga. Kwa miaka tisa amekuwa akishuka ngazi zile kila walipopiga, tena kwa malapa mapya yenye kamba ya nyuma.

Hospitali mbili za jirani zilipoomba kutumia programu yake, aliwapa kwa sharti kwamba kwanza wampe kiti akae siku nzima wodi ya wazazi, bila kusema kitu, akiangalia wanavyoandika. Yeye na Mkunga Mkuu wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana, jambo linalodhihirika kwa namna wanavyogombana kila mchana kantini juu ya nani achukue kiti cha dirishani. Amefundisha wasajili ambao wengine leo ni wakuu wa vitengo. Ametuachia saa ya ukutani iliyotengenezwa na mume wake, isiyo na tarakimu hata moja, na kwa sababu hiyo sote tumekuwa tukichelewa kurudi kutoka kwenye chai kwa kisingizio halali.

Kuna kitu kimoja tu anachoondoka bila kukipata. Daktari alisema masikio ya binti yule yatajulikana akikua. Familia ikahamia upande mwingine wa mji, kliniki wakaenda kwingine. Mama Tarakimu alikuwa na funguo za kila faili la hospitali hii na za hospitali zile mbili, angeweza kutafuta wakati wowote akapata jibu kabla chai haijapoa. Hakutafuta. Nilimshawishi mara nyingi, akanijibu kila mara kwamba faili la mgonjwa si gazeti, na kwamba kutaka kujua si kazi. Akakaa hivyo miaka yote tisa. Kila mtoto wa umri ule aliyepita korido ameshika mkono wa mzazi, alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mwenyewe alidhani hatuoni.

Mama, kwa niaba ya Kitengo, Mapokezi, wodi ya wazazi na wote uliotuambia turudie, tunakushukuru. Umetuchosha na umetulinda, na wengi humu tulichelewa kujua kwamba yote mawili yalikuwa kazi moja. Tunakutakia asubuhi zisizo na haraka, afya wewe na waume zako wote wawili, na usingizi usiokatizwa na simu ya mtu aliyekwama. Ukikumbuka kelele zetu, njoo. Kiti cha dirishani utakigombania mwenyewe.

Kuhusu faili, usihofu, hakuna aliyelifungua. Mwezi uliopita nyanya mmoja alikuja kliniki ya macho, Bwana Mhuri akamtambua, akamwuliza kwa mdomo wake kama mtu anavyomwuliza mtu. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa huu, inua macho uangalie mlangoni. Binti atakayekuletea maua ni yule wa pili. Jina lake atakutajia mwenyewe. Mwalimu wake analalamika kwamba akiwa dawati la nyuma anadaka mazungumzo ya dawati la mbele, na nyumbani hakuna anayeweza kufungua pakiti ya biskuti chumba kingine bila yeye kutokea. Akikufikia, inama umnong'oneze lolote unalotaka, kwa sauti ya chini kabisa uliyo nayo.

Atakujibu.